Magoli Ambayo Mpimaji Hakuyaona

Mpimaji wa pamba wa kituo chetu cha Buhongwa alikwenda mpirani miaka kumi na moja na hakuwahi kuona timu yetu ya mjini Mwanza ikifunga goli. Sisemi timu haikufunga. Ilifunga, tena mengine ilifunga kwa kelele mpaka korongo walioko juu ya miti ya uwanjani wakaruka wakaenda kulala Ukerewe. Ila yeye hakuona hata moja. Ya wageni aliyaona yote. Ya watu wa Dar es Salaam ndiyo usiseme, hayo angeweza kukuchorea chini kwa kijiti: mpira ulikotoka, ulipopita, na kipa wetu alikuwa anatazama wapi.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa hicho. Wengine walitaka bati, wengine baiskeli, wengine sukari, maana miaka ile sukari tulikuwa tunaisikia tu kama ndugu aliyehamia mbali. Yeye alitaka kuona kwa macho yake goli moja la nyumbani, watu wa Dar wakifungwa. Akishaliona, alisema, hata ushirika wakimpa barua ya kuacha kazi jioni hiyo hiyo ataipokea kwa mikono miwili.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Mke wake alimwita Mpimaji. Mbuzi wake nadhani nao walimwita hivyo.

Kwa asiyejua pamba: mkulima akileta mzigo kituoni, kuna maneno mawili anayoyangoja. Safi, au fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, haina majani wala mchanga. Fifi ni iliyobaki, na bei yake ni ya chini. Mwenye kutamka alikuwa Mpimaji. Anatia mkono guniani mpaka begani, kama anazalisha ng'ombe, anavuta konzi kutoka chini kabisa, anaitazama, anainusa, anaiweka sikioni, sijui alikuwa anasikiliza nini, halafu anatamka. Akishatamka karani anaandika. Kikishaandikwa, hata mvua hainyeshi tena juu yake.

Shida ni kwamba maneno yale mawili hakuyaacha kituoni. Alitembea nayo. Ukimpa chai, safi au fifi. Akitoka harusini tunamwuliza, anasema bwana harusi safi, suti fifi. Siku moja ya Pasaka padri alihubiri saa nzima, akina mama wanalia, mpaka mimi niliyekuja kwa ajili ya pilau nikaanza kuzijutia dhambi zangu na nyingine za jirani. Tukatoka nje. Mpimaji akavaa kofia yake taratibu akasema, "Juu safi, chini fifi." Mwanangu wa kwanza alipozaliwa alikuja kumtazama. Akamwinua, nikaona anamsogeza karibu na pua, nikashika roho. Akamrudisha kwa mama yake akasema, "Bado mbichi." Tulishukuru sana.

Na usidhani alijipendelea. Shamba lake mwenyewe lilikuwa aibu ya kata nzima. Mtu aliyejua pamba kuliko pamba inavyojijua, kwake magugu yalikuwa marefu, kuku walipotelea humo wakarudi na wajukuu. Kila msimu alileta magunia yake mawili, akasimama kwenye foleni nyuma ya watu, ikifika zamu yake anatoka kwenye foleni, anazunguka upande wa mizani, anatia mkono kwenye gunia lake mwenyewe, anavuta, ananusa, anatamka, "Fifi." Halafu anarudi upande wa pili kusikitika kama mkulima. Ndiyo maana watu walimheshimu, karibu wote.

Mimi kazi yangu kituoni ilikuwa kupakia. Nilikuwa na nguvu siku zile. Magunia ya pamba nilikuwa nabeba manne kwa safari moja, mawili mabegani na mengine sikumbuki yalikuwa yanakaa wapi. Dereva wa lori la ushirika aliitwa Masanja, mtu mwembamba, ukimtazama kwa ubavu unaona mlango wa lori. Na wa nne wetu alikuwa Kamugisha, fundi cherehani wa Igogo, Mhaya, aliyekuwa anatushonea viraka. Hao ndio waliokuwa wanakwenda mpirani: Mpimaji, Masanja, Kamugisha na mimi.

Jumapili ya mechi tulitoka Buhongwa na lori la pamba linalokwenda kiwandani, sisi juu ya mzigo. Pamba unajua haiachi mtu. Tukifika mjini tunashuka weupe kuanzia nyusi mpaka kucha, tumekuwa kama yangeyange waliopanda lori kwa uvivu wa kuruka. Kamugisha anatungoja getini na suruali yake ya pasi, anatutazama, anajifanya hatujui. Halafu anasema kwa sauti ya kusikika na foleni yote kwamba Wasukuma wameanza kuota manyoya, karibu wataanza kutaga. Masanja anamjibu kwamba na yeye apunguze kujisifu, mdomo utamwiva kama ndizi. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana.

Mpimaji alikuwa na mahali pake. Ngazi ya nne kutoka chini, karibu na nguzo, upande wa ziwani. Alikalia gunia tupu alilokuja nalo kutoka kituoni. Kwenye kitambaa alikuwa na michembe, viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa na karanga, na aligawa sawasawa kwa watu wanne, kipande kikibaki anakikata vinne. Hakushangilia. Wakati uwanja mzima unalia, yeye anasema polepole, kama anazungumza na karani, "Winga safi. Beki fifi. Refa tumngoje akauke."

Sasa nikuambie alivyokuwa anapima, kwa sababu hapo ndipo magoli yalipopotelea.

Mizani yetu ilikuwa ya kuning'inia, na mshale. Ukitundika gunia mshale unacheza kulia na kushoto kama mlevi anayetafuta nyumba. Wapimaji wengine wanausoma ukiwa bado unatembea, wanakata upande unaowafaa. Yeye alingoja. Alingoja mpaka umetulia kabisa, halafu anangoja tena, asije akawa amepumzika tu. Foleni inapiga kelele, jua linachoma, yeye ameushika mkono mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo, anatazama mshale. Kuna gunia nadhani lilikuwa na mbegu, liliota likiwa linangoja.

Na salamu alizifanya vilevile. Kwake salamu ilikuwa mizani. Sisi Wasukuma tuna salamu ndefu, hilo sikatai. Unamuuliza mtu ameshindaje, halafu nyumba, halafu watoto, halafu ng'ombe, mvua ya kwao, wagonjwa wa kwao, waliohamishwa kijiji wamefikia wapi. Lakini mpirani watu wanafupisha, hata wazee wanakubali. Mpimaji hakufupisha. Akisalimiana na aliyemzidi umri aliinama, akaweka macho chini, na hakuinua kichwa mpaka swali la mwisho limejibiwa na kimya kimefuata. Nilimwambia siku moja kwamba mpira ni dakika tisini na watu wa Mwanza ni wengi. Akanijibu, "Ukimwachia mtu mkono kabla mshale haujatulia, umemwibia."

Basi chukua mtu wa namna hiyo, ambaye kila mkulima kutoka Buhongwa mpaka Usagara amepita mbele ya mizani yake, umkalishe kwenye uwanja uliojaa wakulima. Kila mtu anamjua. Kila mtu anapita kumsalimia.

Goli la kwanza alilolikosa ambalo nina ushahidi nalo alilikosa kwa sababu ya mkwe. Mama mkwe wake alikuwa anauza karanga nje ya ukuta, siku hiyo mlinzi akamruhusu aingie nazo ndani. Mkwe hatazamwi, hata kama ana karanga. Mpimaji alipoiona kanga yake inakuja kwenye ngazi yetu akageuka akatazama nguzo, uso umegusa saruji. Mama mkwe naye alipomwona akajitanda kanga usoni, akawa haoni njia, akasimama pale pale. Wote wawili wamesimama, mmoja anatazama nguzo, mwingine anatazama ndani ya kanga, na timu yetu ikafunga. Kamugisha alimrukia mama wa watu akamkumbatia bila kujua ni nani. Mpimaji aliuliza nguzo, "Limeingia?"

La pili kuna mtu alikuja kumwambia amefiwa. Mpimaji akavua kofia, akampa pole, akauliza marehemu aliugua lini, alilala wapi, aliacha nini. Goli likaingia katikati ya pole. Baadaye ikajulikana aliyekufa ni dume la ng'ombe la jirani wa yule mtu. Mpimaji hakulalamika. Alisema dume lile alilijua, lilikuwa safi.

Jumatatu kituoni ilikuwa siku ya kumsimulia. Kabla mizani haijafunguliwa anakaa kwenye kigoda chake, anasema, "Haya, nileteeni." Ndipo mimi naanza. Nilikuwa nachukua furushi la pamba nafanya ndiyo mpira, Masanja anakuwa kipa wa Dar katikati ya nguzo za mizani. Nasimulia jinsi winga wetu alivyowapita wanane, wawili kati yao aliwapita mara mbili, jinsi alivyopiga mpira ukapasua wavu, ukapita Kirumba, wavuvi wakaukuta wavuni katikati ya samaki wao wa furu. Mpimaji ananisikiliza mpaka mwisho, macho chini. Halafu anatamka.

"Fifi."

"Kwa nini, Mpimaji?"

"Majani mengi. Toa majani."

Nikitoa majani hakibaki kitu, nilimweleza. Akasema basi hata pamba nyingine ni hivyo hivyo. Miaka yote ile nilimletea magoli saba, yote fifi. Kamugisha aliyesoma mpaka darasa la nane alipata "safi kidogo" mara moja, akatembea nayo mjini mwezi mzima.

Sasa nije kwa Mzee Malimi.

Mzee Malimi alikuwa mkulima wa kule mlimani nyuma ya Buhongwa, mtu mzima kuliko Mpimaji kwa miaka kama kumi na tano, mrefu, mkavu, fimbo yake na yeye huwezi kujua ipi inaishikilia nyingine. Pamba yake ilisifiwa. Alipalilia mwenyewe mpaka unaweza kulala chini katikati ya mistari na shati jeupe. Msimu mmoja alipokuwa anashuka na mzigo, mvua ya ziwani ikamkuta njiani, ile inayokuja bila wingu, inanyesha kama mtu anayemwaga maji ya kunawa, inaondoka. Alifika kituoni magunia yamelowa juu. Mpimaji akatia mkono, na siku hiyo, sijui kwa sababu foleni ilikuwa ndefu au bwana mkubwa wa ushirika alikuwa amesimama pale na saa yake, mkono haukufika begani. Uliishia kwenye kiwiko. Akavuta, akanusa.

"Fifi."

Mzee Malimi hakupandisha sauti. Alisema, "Kijana, hiyo ni mvua ya njiani. Pamba ni safi. Shuka chini kidogo."

"Napima kilicholetwa, baba."

Karani akaandika.

Asubuhi yake nikayabeba yale magunia kupeleka ghalani, la kwanza likafunguka kamba. Chini ya kile kilicholowa, pamba ilikuwa kavu na nyeupe, nyeupe mpaka nilifumba jicho moja, na hapa siongezi jani hata moja. Nikaenda kumwita Mpimaji. Akaja, akatazama. Safari hii mkono ukafika begani. Akavuta konzi, akaishika muda mrefu, hakuinusa. Akairudisha, akafunga kamba mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Imeshaandikwa," akasema.

Hakuwahi kuitaja tena, na mimi sikumtajia.

Mzee Malimi hakwenda kushitaki kwa balozi wa nyumba kumi wala hakusema neno baya. Alianza kuja mpirani. Watu wakashangaa, maana mzee alikuwa hajui mpira, aliamini yule refa ndiye mwenye timu. Alilipa kiingilio chake, akasimama chini kabisa karibu na kamba, akawa anatazama watu badala ya uwanja. Akiona uwanja wote umeinuka, mikono kichwani, mpira umewekwa kwa faulo ya karibu au winga wetu amebaki na kipa, anapanda ngazi moja, mbili, tatu, nne. Anasimama mbele ya Mpimaji. Anakohoa.

Mpimaji anavua kofia, anainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama, baba."

"Nyumba yako?"

"Salama."

"Watoto?"

Na Mzee alikuwa anajua majina ya watoto wote, akauliza mmoja mmoja. Kisha ng'ombe, hao hawakuwa na majina, aliwauliza kwa rangi. Huku nyuma goli linaingia, watu wanarushana, Kamugisha amepoteza kiatu, Masanja analia kama amefiwa, na katikati yetu wazee wawili wanaulizana habari za ndama mwenye baka. Mzee Malimi akimaliza anasema, "Haya, mwanangu, endelea na mpira wako," anashuka taratibu. Hakutabasamu. Hakuna mtu angeweza kumlaumu, alikuwa amesalimiwa tu.

Mara ya kwanza tukasema bahati mbaya. Mara ya pili Kamugisha akasema Wasukuma bwana, mnasalimiana mpaka ng'ombe wanazeeka. Mara ya tatu tukaelewa sote. Masanja akataka kwenda kuzungumza na Mzee. Mpimaji akamkataza.

Kamugisha alimpa shauri zuri. Uwanja mkubwa huu, alimwambia, hamia upande wa pili, kakae nyuma ya polisi, yule mzee miguu haina, mpaka akuzungukie mpira umeisha. Mpimaji alikuwa anakata kiazi. Akamaliza kukikata vinne, akatugawia.

"Akija asinikute?" akasema.

Akakaa pale pale, ngazi ya nne, karibu na nguzo. Miaka minne. Mzee Malimi alimkosesha magoli matano. La tano lilikuwa la kichwa, zuri, mtu alipaa mpaka akasalimiana na korongo. Nalo nilimletea Jumatatu. Fifi.

Halafu mambo yakabadilika kama yalivyobadilika kwa watu wote. Ushirika ukavunjwa, wakaja wengine na mizani mpya, Mpimaji akapumzishwa. Barua aliipokea kwa mkono mmoja, maana goli lilikuwa bado. Mimi nikahamia Igogo, nikawa napakia mizigo ya melini, Masanja akapewa basi. Ilipita kama miaka miwili sijamwona Mpimaji, nilisikia tu kwamba amekonda na kwamba anapima mahindi ya jirani zake kwa macho, bure, hata wasipoomba.

Ndipo watu wa Dar wakaja kwa mechi ya mwisho ya msimu. Nilifika mapema, nikaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Alikuwa amekaa juu ya gunia lile lile. Ndevu zimekuwa nyeupe, safari hii si pamba. Nikampa shikamoo, na kwa kumtania nikaanza kumuuliza ng'ombe kwa rangi. Akacheka kwa pua. Akasema siku hizi amebaki na mmoja, hana rangi ya maana.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari alimweleza la kulia nalo litafuata. "Leo goli nitaliona," alisema. "Mwakani sijui."

Nikawaambia Masanja na Kamugisha walipofika. Hatukujadili. Tulimzunguka. Masanja mbele kushoto, Kamugisha kulia, mimi mgongoni. Mtu akija na salamu, Kamugisha anaipokea kabla haijafika, anajibu yeye: nyumba salama, watoto salama, ng'ombe mmoja, asante, pita. Alikuwa Mhaya wa kwanza kuulizwa habari za malisho ya Buhongwa. Mpimaji hakufurahi, akanyoosha shingo anatafuta nani ametusalimia, lakini akatulia, kwa sababu timu yetu siku hiyo ilikuwa inacheza kama imekula.

Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, winga wetu akaangushwa ndani ya boksi. Penalti. Kelele iliyotoka pale, wavuvi wa Ukerewe walitoa nyavu majini wakidhani ni radi.

Nikatazama chini kwenye kamba. Mzee Malimi alikuwa anapanda.

Alikuwa amezeeka sana. Ngazi moja, anapumzika. Ngazi ya pili, anapumzika. Masanja akajipanua, alikuwa hana cha kupanua lakini akajipanua. Mpira unawekwa kwenye alama, refa anawasogeza watu. Ngazi ya tatu. Mpimaji alimwona. Niliona mkono wake unakwenda kwenye kofia.

Mzee akafika ngazi ya nne, akasimama, akatutazama sisi watatu tulivyomzunguka mwenzetu kama zizi. Akamtazama Mpimaji, akatazama lile jicho. Halafu akageuka akautazama uwanja, mara ya kwanza maisha yake nadhani, akauona mpira umekaa peke yake.

Hakukohoa. Akapita. Akaenda kukaa mbele kidogo, mgongo kwetu, fimbo katikati ya magoti.

"Asante Mungu," Kamugisha akanong'ona. "Mpimaji, tazama mbele. Tazama mpira."

Alitazama mpira. Mpigaji anarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu. Alitazama mgongo wa Mzee. Alitazama mpira. Nilimshika bega kwa mikono yangu hii iliyokuwa inabeba magunia manne, na akainuka nayo kama nimeweka kitambaa.

"Amepita bila kunisalimia," akasema.

Masanja akasema hapana, jamani, hapana. Mpimaji alishampita. Alitembea mpaka mbele ya Mzee, akageuza mgongo uwanjani, akavua kofia, akainama mpaka chini.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa anatazama uwanjani juu ya mgongo wa Mpimaji. Filimbi ikalia.

Sijui nikuelezeje uwanja ulivyokuwa. Mimi mwenyewe niliinuliwa na mtu nisiyemjua na nikamwinua mwingine. Niliporudi chini, Mpimaji alikuwa bado ameinama pale pale, kofia mkononi.

"Marahaba," Mzee akasema. "Umelikosa."

"Nimelikosa."

"Mimi nimeliona."

"Lilikuwaje, baba?"

Mzee akafikiri. "Amepiga. Limeingia."

Mpimaji akakaa na hayo maneno mawili, macho chini, kama alivyokuwa anakaa na mshale. Nikajua anangoja yatulie.

"Safi," akasema.

Mzee akageuza uso. Miaka minne alikuwa amelifuata neno hilo ngazi nne kwenda juu na nne kurudi.

"Na ile yako," Mpimaji akasema. "Nilishuka chini kesho yake. Ilikuwa safi."

Mzee Malimi alisogeza fimbo akampa nafasi ya kukaa. "Najua," akasema. "Niliipalilia mwenyewe." Wakakaa bega kwa bega. Halafu nikamsikia Mzee anaanza upya, polepole, nyumba, watoto, yule ng'ombe mmoja, na Mpimaji anajibu kimoja kimoja, na safari hii naye anauliza, mvua ya mlimani, magoti, marehemu mke wa Mzee aliugua lini, alilala wapi. Mapumziko yakapita. Kamugisha akawapelekea michembe, wakaipokea bila kumtazama.

Kipindi cha pili watu wa Dar walisawazisha, wakaongeza la pili, tukafungwa. Yalikuwa magoli mawili ya wazi, mchana kweupe, upande wetu wa uwanja. Ndiyo magoli ya kwanza ya wageni ambayo Mpimaji hakuyaona.